Mchumia Juani na Jirani Yake

Masika yanapokwisha, watu wa kwetu Muheza huanza kutembeleana. Mtu huja kuazima panga, au kuulizia hali ya mgonjwa, lakini macho yake huwa yamekwisha kutangulia nyuma ya nyumba, kwenye matuta ya mboga. Huko ndiko tunakopimana. Mwenye mchicha uliostawi husifiwa hata kabla hajamkaribisha mgeni kiti. Mwenye matuta matupu huulizwa kwa upole, "Vipi, mwaka huu hukulima?" Swali hilo lasikika kama salamu, lakini mara nyingi ni hukumu iliyokwisha kutolewa.

Mwezi huu naomba tutafakari pamoja jambo moja linalotokana na matembezi hayo. Je, mavuno ya mtu yaweza kutuambia yeye ni mtu wa namna gani? Siulizi kwa sababu nimesoma jibu lake mahali fulani. Nauliza kwa sababu mwaka huu nililijibu swali hili vibaya mbele za watu, na jirani yangu akaumia kwa jibu langu.

Kwanza niwaeleze habari za bustani yenyewe. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nyuma ya nyumba yangu nina kipande cha ardhi, urefu wake hatua 30 na upana hatua 20, kinachoteremka taratibu kuelekea bondeni. Juu yake kuna kisima. Chini, ng'ambo ya mfereji mdogo wa maji ya mvua, ndipo linapoanza shamba dogo la jirani yangu, mama mjane mwenye watoto watatu, ambaye pia humtunza mama mkwe wake aliye mgonjwa. Maji yote yanayotoka kwangu hupita kwake. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo, maana mimi nililisahau.

Mapema mwezi Machi nilisia mbegu za nyanya. Nilizimwaga kwa wingi, zikaota zimesongamana kama nywele, nami kwa furaha nikazinywesha asubuhi na jioni. Baada ya juma moja miche ikaanza kulegea shingoni na kulala chini. Huo ndio ugonjwa tuuitao kinyausi, na mtu aliyefundisha maarifa ya kilimo shuleni, kama mimi, hakupaswa kuushangaa. Miche ikisongamana na udongo ukilowa mno, ugonjwa huo haukosi kuja. Mbele ya wenzangu, hata hivyo, niliilaumu mbegu. Nilisema dukani siku hizi wanauza mbegu dhaifu.

Juma la mwisho la mwezi ule ule nikasia tena, safari hii kwa mistari na kwa nafasi. Kwa kuwa nilikuwa na haraka, nilitengeneza kitalu kipya mahali palipokuwa karibu na palipolainika tayari, yaani pale ambapo mwaka uliotangulia nilikuwa na bilinganya. Bilinganya zile zilinyauka zikafa, nami sikuuliza kwa nini. Miche ya nyanya ikatoka mizuri, yapata 200. Mwishoni mwa Aprili nikaihamishia kwenye matuta ya juu, karibu na kisima.

Mwanzoni mwa Juni bustani yangu ilikuwa inapendeza. Mchicha niliopanda mapema Mei tulikuwa tumekwisha kuuchuma mara mbili. Bamia zilikuwa zinatoa maua ya manjano kila asubuhi. Kunde tulikula majani yake, tukaziacha zitoe maganda. Sota, yule mdudu anayekata miche usiku na kujificha udongoni mchana, nilimtafuta alfajiri kwa kijiti nikampunguza. Kuku, ambao ni wangu mwenyewe na si wa mtu mwingine, niliwazuia kwa matawi ya michongoma. Na nyanya zilikuwa zimeanza kuzaa.

Hata kantangaze alipokuja hakunishinda. Wasomaji wengi wanamjua mdudu huyu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na hapa Tanzania alionekana mwaka 2014. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani la nyanya akaacha michoro myeupe, kisha hutoboa tunda. Wakulima walimpa jina hilo kana kwamba anamwambia mwenye shamba, "Nenda ukanitangaze." Nilichuma majani yaliyochorwa, nikayachimbia shimo na kuyafukia, nikarudia kila siku ya tatu. Nilifurahi sana kumweleza kila mgeni jinsi nilivyompiga vita. Shida ya namna hii ni rahisi kuisimulia, kwani huja kutoka nje, ina jina, na mtu akiishinda anasifiwa.

Ndugu wasomaji, kuna shida nyingine ambazo hatuzitangazi, na habari yangu hasa ni juu ya hizo.

Mwezi wa Aprili, kabla sijahamisha miche yangu, jirani yangu alikuja akanisalimu, akaniuliza kama ningekuwa na miche ya ziada. Nilimpa 40. Niliitoa kwa moyo mweupe, wala sikutaka malipo. Lakini siku mbili tatu baada ya kumpa, niliona miche mitatu kitaluni imelegea saa sita mchana huku majani yake yangali mabichi. Jioni ikasimama tena. Kesho yake ikalegea, na siku ya nne ikafa. Niliing'oa nikaitupa mferejini. Mvua ilikuwa nyingi siku zile, ikaichukua. Sikumwambia mtu neno. Nilijiambia kwamba miche mitatu katika mia mbili si kitu.

Mwishoni mwa Mei, katika miche yake 40 ilikuwa imebaki sita. Nilikuwa napita njiani naiona imekauka ikiwa imesimama. Niliona pia kwamba majani mabaya yameota kati ya mistari, na kwamba mwenye shamba haonekani asubuhi. Sikuingia. Kuona kwa mbali kulinitosha.

Hapo mtaani tuna kikundi cha majirani wakulima wa bustani, kaya 14, tunaoweka akiba kidogo kidogo na kukopeshana fedha za mbegu na mbolea. Mimi ni katibu. Mwanzoni mwa Juni tulikutana ili kupanga watakaopata mkopo wa msimu wa vuli, na fedha hazikuwatosha wote. Lilipotajwa jina la mama huyo, yeye mwenyewe akiwa hayupo kwa sababu ya kumuuguza mama mkwe, nilisimama nikasema, "Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Lakini kuna wenzetu wanaotaka kuchumia kivulini na kulia kivuli hicho hicho." Watu walicheka. Jina likaondolewa kwenye orodha. Niliketi nikijiona nimelinda mali ya wengi.

Yapata siku kumi baadaye nyanya zangu nazo zikaanza kulegea. Tuta la kwanza, kisha la pili. Nilidhani ni kiu, nikazimwagia maji zaidi, zikazidi kufa. Nikamwita bibi shamba wa kata yetu, binti mdogo anayeweza kuwa mjukuu wangu. Aling'oa mche mmoja, akakata kipande cha shina karibu na mizizi, akaomba bilauri ya maji safi. Akakishikilia kile kipande kwa juu, ncha yake ikiwa ndani ya maji, akaniambia tungoje. Baada ya dakika chache, nyuzi nyembamba nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka kutoka kwenye shina, zikateremka polepole hata chini ya bilauri.

"Mwalimu, huu ni mnyauko wa bakteria," alisema. Akanieleza kwamba vijidudu hivyo huishi udongoni miaka kadhaa. Huingia kwa mizizi na kuziba njia za maji ndani ya shina, ndiyo maana mche hufa kwa kiu huku umesimama kwenye udongo mbichi. Huenea kwa miche, kwa udongo unaoganda kwenye jembe na viatu, na kwa maji yanayotiririka. Dawa ya kuuponya mche uliokwisha kuugua hakuna. Yafaa kuung'oa na kuuchoma moto, kuosha majembe, na kutopanda mahali hapo nyanya wala jamaa zake, yaani bilinganya, pilipili, nyanya chungu, mnavu na viazi mviringo, kwa miaka kadhaa. Mahindi yaweza kupandwa.

Kisha akaniuliza swali moja kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na miche ya kitalu hiki, uliwagawia watu wengine?"

Niliitazama ile bilauri. Kisha nikatazama mteremko, na mfereji, na shamba lililo chini.

Basi, tuyapime mambo haya kwa utulivu, maana ndani yake yamo makosa ya namna mbalimbali, na ni rahisi kuyachanganya. Je, nilikosa kwa kumpa miche migonjwa? Wakati ule sikujua. Mtu akimkaribisha mgeni chakula, na chakula hicho kikawa kimeharibika bila mwenyeji kujua, mgeni ataumwa tumbo, lakini mwenyeji hakutenda uovu. Atasikitika, na itampasa kumpeleka mgeni wake hospitali, ila hatujutii jambo kama hilo kwa namna tunavyojutia uovu. Juu ya jambo hilo dhamiri yangu yaweza kutulia, ingawa haiwezi kusahau.

Lakini ile miche mitatu niliiona. Kuanzia siku ile sikuwa tena mtu asiyejua, nilikuwa mtu asiyetaka kujua, na tofauti ya watu hawa wawili ni kubwa. Yule wa kwanza amekosa habari, na wa pili habari imemjia mlangoni akakataa kuifungulia. Laiti ningekwenda kwake siku ile nikamwambia, "Mama, angalia miche yangu, nina wasiwasi nayo," angeweza kuing'oa kabla udongo wake haujaambukizwa. Nilinyamaza kwa sababu gani? Kwa sababu mtu aliyetoa zawadi hapendi kurudi kusema kwamba zawadi yake ina ila. Nilipenda shukrani yake kuliko nilivyopenda shamba lake.

La tatu ni maneno niliyosema kikundini, na hili ni baya kuliko yote. Hapa sikukosa habari, wala sikuficha habari. Nilitunga habari. Niliona matuta yaliyokauka nikayafanya kuwa tabia ya mtu. Nilipouliza baadaye, nilifahamu kwamba mwezi mzima wa Mei mama yule alikuwa analala hospitali na mgonjwa, anarudi mchana kupika, na kulima saa za jua kali wakati sisi tumelala baada ya chakula. Sikumwona asubuhi kwa sababu asubuhi hakuwapo. Kumbe yeye ndiye aliyechumia juani, na jua lenyewe la saa saba. Kisha akalia kivulini, ila kulia kwake hakukuwa kula.

Tuiangalie basi methali hiyo. Ni methali ya kweli. Nimeifundisha miaka mingi ubaoni. Inamwambia mtu aliyelala, "Amka, jua la leo ni kivuli cha kesho." Mtu akijiambia maneno hayo mwenyewe alfajiri, yanampa nguvu ya kushika jembe. Lakini tukiigeuza methali ile ile na kuisoma kutoka mwisho, tunasema, "Huyu hana kivuli, basi hakuchuma juani." Hapo imekoma kuwa kweli. Si kila aliyechuma juani amepata kivuli, na wapo wanaokula kivulini ambao jua hawalijui. Nadhani wahenga walituachia methali nyingi za bidii kama majembe, kila mtu ashike la kwake na kulima kwake. Jembe la kulimia likiinuliwa juu ya kichwa cha jirani, limekuwa silaha.

Nami hebu nijihesabie haki yangu na isiyo haki yangu katika mavuno niliyojivunia. Kisima sikukichimba, nilikikuta kimechimbwa na aliyenitangulia katika kiwanja. Mteremko sikuuumba, nao ndio uliofanya maji yaondoke kwenye matuta yangu, yakaenda kutuama kwake. Samadi nilipewa na mfugaji wa jirani. Nafasi ya kuchuma majani yenye kantangaze kila siku ya tatu niliipata kwa kuwa nina pensheni, na nyumbani kwangu hakuna mgonjwa. Hata mbegu! Niliyopanda ni Tengeru 97, ambayo watafiti wetu wa Tengeru, karibu na Arusha, waliitoa mwaka 1997. Na nyanya yenyewe asili yake ni Amerika. Watu wa Meksiko walikuwa wanailima na kuichagua kizazi baada ya kizazi kabla Wahispania hawajafika kwao mwanzoni mwa karne ya 16. Mahindi nayo tuliyapata kutoka kwa wakulima hao hao, ambao majina yao hakuna anayeyajua. Nikiondoa katika kikapu changu kila kitu nilichopewa, ninabaki na jasho langu tu, ambalo ni jambo la heshima, lakini haliliki peke yake.

Kwa upande mwingine, hebu nihesabu hasara nilizowatwika wengine. Kinyausi nilikileta mimi kwa kusonganisha mbegu na kuzizidishia maji. Mnyauko nao nilijikaribishia mimi kwa uvivu wa kutosogeza kitalu hatua kumi. Mwezi Juni, mvua zilipokatika, nyanya zangu za kwanza ziliota madoa meusi yaliyodidimia kwenye kitako. Niliwaambia watu ni ugonjwa umeingia. Bibi shamba alicheka kidogo. Aliniambia si ugonjwa wa kuambukiza, bali mmea hukosa chokaa ya kutosha ndani ya tunda pale unapomwagiliwa leo sana na kisha kuachwa siku nne. Na ni kweli, nilikuwa nimekwenda Tanga siku nne.

Hivi ndivyo nilivyokuwa nikiweka hesabu zangu. Kila kilichostawi nilikiandika kwa jina langu, na kilichokufa nikakiandika kwa jina la duka, la mdudu au la hali ya hewa. Kwa jirani yangu nilitumia daftari lingine, ambamo kilichostawi kilikuwa bahati yake, na kilichokufa kilikuwa tabia yake. Sidhani kwamba ni mimi peke yangu mwenye madaftari mawili.

Hapa nawasikia wengine wakiniuliza, "Mwalimu, ukisema hivyo, si utawafundisha watu uvivu? Kama mavuno ni bahati, na hasara ni bahati, kwa nini mtu ajisumbue na jembe?" Ni swali zuri, na halifai kupuuzwa. Uvivu upo. Nimeuona kwa wengine, na katika jambo la kitalu nimeuona kwangu. Bila jasho hakuna bustani, hata kisima kingekuwa na maji ya mwaka mzima. Ila yatupasa kutenganisha mambo mawili. Bidii ni wajibu wangu, naweza kudaiwa. Mavuno ni dhamana niliyokabidhiwa, na mtu hajivunii dhamana. Nikilima kwa bidii, nimefanya linalonipasa. Nikivuna, nimepokea zaidi ya nililofanya. Nisipovuna, wajibu wangu haujapotea. Mtu anayelielewa hilo hataacha jembe. Ataacha majivuno tu, na majivuno hayajapata kuotesha hata mche mmoja.

Wa pili ataniuliza, "Sasa kikundi kitamjuaje mwenye bidii, ili kisiwape fedha watu wasiojali?" Jibu langu ni la kawaida sana. Kitamjua kwa kwenda kwake. Kitaingia shambani badala ya kutazama kutoka njiani, na kumwuliza mwenyewe kabla ya kuulizana sisi kwa sisi. Ningevuka mfereji ule mmoja, mwendo wa dakika mbili, ningeona kwamba nyuma ya nyumba yake, upande usioonekana kutoka njiani, alikuwa na tuta refu la mchicha lililopaliliwa vizuri kuliko langu. Hukumu nyingi tunazotoa zingebadilika kwa mwendo wa dakika mbili.

Wasomaji wa gazeti hili watakumbuka habari iliyo katika Injili ya Luka, mlango wa 13, juu ya wale watu 18 walioangukiwa na mnara. Bwana wetu alikanusha kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu, akawageuzia wasikilizaji wake swali hilo wajitazame wenyewe. Mara baada ya hayo akawasimulia juu ya mtini usiozaa, na mtunza shamba aliyeuombea mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutia samadi. Nimeyasoma mafungu hayo mara nyingi, lakini mwaka huu ndipo nilipoona kwamba yamewekwa pamoja kwa faida yetu. Kwanza tunakatazwa kuisoma hasara ya mtu kama cheti cha tabia yake. Kisha tunaonyeshwa kazi ya mtunza bustani mbele ya mti usiozaa, ambayo ni kuchukua jembe na samadi na kukaa upande wake mwaka mwingine.

Sasa nimalizie habari yenyewe. Jioni ya siku ile ya bilauri nilivuka mfereji. Nilimkuta barazani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu, leo amekunywa uji."

Nilimweleza yote, juu ya kitalu, na miche mitatu, na maneno ya kikundini. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha. Kisha akasema, "Mwalimu, miche haikuniuma. Mche ni kitu cha kufa. Lakini yale maneno yamefika hadi shuleni kwa watoto wangu. Uliyasema mbele ya watu wengi. Ukiniomba radhi mimi peke yangu hapa barazani, yatarudije?"

Sikuwa na la kujibu, ila kumwambia kwamba nitayarudisha pale pale nilipoyatoa. Na hilo ndilo somo ambalo nisingelipata kwa kutafakari peke yangu. Nilikuwa nimekwenda kwake kutafuta utulivu wa moyo wangu, naye akanionyesha kwamba deni hulipwa mahali lilipokopwa. Kosa lililotendwa hadharani halilipwi kwa kunong'ona.

Mkutano uliofuata nilisimama nikasema, wala sikuanza na methali. Niliwaeleza nilivyoificha miche mitatu, na niliyemsema vibaya ni nani, na siku zile alikuwa wapi. Palikuwa kimya kirefu. Mzee mmoja akasema, "Mwalimu, hata sisi tuliocheka tunayo sehemu yetu." Jina lake likarudishwa. Kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwisha kugawanywa, alipewa fungu langu. Msinisifu kwa hilo, tafadhali. Halikuwa sadaka, lilikuwa deni, na sidhani kwamba nimelimaliza.

Leo matuta yangu mawili ya nyanya yamebaki matupu. Nimeyachoma mabua yake, na vuli yakija nitapanda mahindi. Yeye naye atapanda mahindi, hana njia nyingine kwa miaka kadhaa, na hiyo ni hasara ambayo fungu la mkopo haliifidii. Nimechimba mfereji mpya ili maji yangu yasipite tena kwake. Urafiki wetu haujarudi kama ulivyokuwa. Ananisalimu kwa heshima, lakini bado hapiti njia ya juu kuja kuteka maji kisimani kama zamani. Sina haki ya kumharakisha. Miche hairefushwi kwa kuvutwa.

Wageni wanaendelea kuja, kama ilivyo desturi ya msimu huu. Juzi mmoja alitazama matuta yangu matupu akaniuliza kwa upole, "Vipi, Mwalimu, mwaka huu hukulima nyanya?" Nilitaka kumjibu upesi kwamba nililima sana. Badala yake nilimkaribisha kiti nikamweleza ilivyokuwa, na ilikuwa hadithi ndefu. Alisikiliza yote.

Ndugu wasomaji, mwezi huu tutakapotembeleana, na tuingie hadi ndani ya mashamba ya wenzetu, tuketi, tuulize, na tungoje jibu.